Viti Viwili vya Padre Vencelj

Tulimzika Februari, ardhi ya Idrija ngumu kama chuma.
Wachimbaji wastaafu waliivunja kwa sururu zao za zamani,
mikono ikitetemeka, na si kwa baridi:
zebaki haistaafu.

Wasia wake ulikuwa mistari mitatu.
Vitabu viende shuleni. Madaftari yachomwe bila kufunguliwa.
Viti viwili vya ghorofani vibaki vilipo,
na kisiwepo kinachoitwa cha padre.

Basi nimekuja kupangusa vumbi,
mimi Marjeta, mfuma lesi,
binti wa Lojze aliyeshuka shimoni miaka thelathini na mmoja,
na sijui nikae wapi.

Padua walimfundisha saikolojia, miaka minne.
Aliporudi, mji mzima ulinong'ona
kwamba padre sasa anasoma vichwa vya watu
kama fundi anavyosoma mita ya umeme.
Mzee Hilarij alivaa kofia kanisani mwezi mzima
asije akasomwa.
Padre alicheka hadi akakohoa, kisha akasema mimbarini:
"Dhambi zenu zileteni hapa chini, kwenye kitubio.
Ila si kila kinachouma ni dhambi.
Kinachouma tu, pandeni nacho ngazi. Kuna chai."

Chai yake ilikuwa mbaya,
mnanaa mkavu katika maji ya uvuguvugu.
Saa ya mezani aliigeuza, uso ukutani.

Mama alipanda ngazi zile Novemba
mwaka ambao Tine wetu alijitoa uhai katika kijito cha Nikova.
Watu walikwisha kumpimia kaburi kwa macho, nje ya ukuta.
Padre alimzika ndani, ubavuni mwa babu,
na alichosema pale hakikujaza kiganja:
"Huyu aliumwa. Mungu si karani."

Mama alikaa kiti cha kushoto Jumanne kumi na saba.
Walizungumza nini, alikwenda nalo kaburini.
Jumanne ya kumi na nane alitoa kabatini mto wake wa kufumia,
vijiti vikaanza tena kugongana, ko, ko, ko,
na baba, aliyekuwa akila supu,
akaweka kijiko chini, akasikiliza.

Sasa niseme nisilowahi kusema.

Alhamisi nilikuwa nikipeleka lesi Ljubljana,
basi la saa kumi na mbili na robo,
na kila Alhamisi padre alikuwa kiti cha nyuma, hana kola,
uso dirishani.
Mji ulikuwa na maelezo yake. Mji haukosi.
Nami, Mungu anisamehe, siku moja nilimfuata
hadi mlango wa kijani nyuma ya soko,
kibao cha shaba: Dakta Zofija Mlakar, magonjwa ya nafsi.
Akageuka, akaniona na kikapu changu, nimeumbuka.
"Marjeta," akasema, "mganga hajigangi.
Hata mimi nina kiti ninachokwenda kukikalia."
Akabonyeza kengele. Kidole kilitetemeka,
kidole cha mtu ambaye hakushuka shimoni hata siku moja.
Ndipo nikajua zebaki ina njia nyingine ya kuingia:
masikio.

Wameanza kumwita mtakatifu.
Wanachanga fedha za kioo cha rangi, pale juu ya altare,
padre na njiwa, padre na mwanga.
Sina ugomvi nao. Lakini wakiniuliza
nitawaambia wachore basi la asubuhi,
ukungu kwenye dirisha,
na mtu mmoja anayeufuta kwa mkono wa koti.

Ngazi zinalia. Mtu anapanda, anasita, anapanda.
Ni mjukuu wa Hilarij, kofia mkononi, macho mekundu.
"Nimesikia viti bado vipo."

Mimi sikusoma Padua.
Najua lesi tu: kwamba tundu nalo ni kazi,
ukiliziba umeharibu kitambaa.

Naigeuza saa.
Nateleka maji, safari hii yachemke.
"Kaa popote," namwambia.