Utenzi wa Papa wa Dakika Mbili

Niletee chaji, mwana,
wino sihitaji tena,
nieleze tuloona
Wete pale barazani.

Usiku wa Ijumaa,
umeme ulipokaa,
Shaame simu kutwaa
kaiweka dirishani.

"Ni kionjo," akasema,
"cha filamu inovuma,
dakika mbili si nzima,
tulieni, tazameni."

Bi Tumu kakaa mbele
na bakuli la mchele,
achambua chuya zile
huku jicho li simuni.

Faki, mnadi samaki,
kelele hazimtoki,
nyumbani hapumziki,
hunadi hata ndotoni.

Sauti ikasikika
nzito kama ya mahoka:
"Msimu huu... yafika!"
Bi Tumu: "Nani? Mgeni?

Hamkusema mapema,
na nyumbani sina nyama,
atakuja kulalama,
nimpikie na nini?"

Kaja kijana mrefu,
shati lote ni uchafu,
na mwenyewe hana hofu,
kaning'inia gengeni.

Kombo, mkwezi wa shamba,
akafoka: "Wapi kamba?
Hata mtoto mshamba
hufunga ya kiunoni!"

Mara binti kamjia,
midomo kukaribia,
Shaame akazuia
kwa kiganja kiooni.

"Toa mkono, Shaame!
Watoto tisa na mume!
Wacha na mie nisome
yao ya huko ng'amboni!"

Kiganja kilipotoka
busu lilishaondoka,
badala yake kazuka
papa mkubwa, jamani!

Katokeza kwa mgongo,
kinywa wazi kama pango,
kila jino sawa gongo,
na meli ipo kooni.

Hapo Faki kasimama,
kwa jicho apima nyama:
"Laki tisa! Nani hima?
Tisa! Kumi! Nani, nani?

Nusu chumvini aende,
robo tukate vipande,
auzike kila pande
toka Konde Mkoani!"

Bi Tumu kamkatiza:
"Na watu aliomeza?
Utathubutu kuuza
papa mwenye watu ndani?"

Faki akafikiria,
bei akapunguzia:
"Laki nane, nawambia,
watu wenu watoeni!"

Mwamba ukaporomoka,
kijana akaponyoka,
papa kinywa kakiweka
wazi, yuko chini, chini.

Kiatu kikatangu—

Bando! Bando limekata!
Duara lajifuata,
mkia halijapata,
lazunguka kiooni.

Tukasaka mia mbili
mifuko yote miwili;
duka la vocha, kufuli:
kenda Chake harusini.

Kila mtu mwisho wake.
Kombo: kwa kamba ashuke;
Faki: papa auzike,
watu watoke tumboni.

Bi Tumu? Papa ni mama,
mwanawe kachomwa nyama,
hasira zikamtuma
amsake bandarini.

Tukanyamaza kidogo.
Faki kakuna kisogo,
sauti ikawa ndogo:
"Basi, mnada acheni."

Miezi sita kupita
filamu tukaipata
nzima, saa za kunata,
runingani kwa jirani.

Papa? Kafa robo saa!
Lililobaki balaa:
watu suti wamevaa
wabishana ofisini.

Na kile kiatu? Wapi!
Vingine kapata vipi?
Yu na viwili, vifupi,
vyang'ara, juu mezani.

Bi Tumu kajinyanyua:
"Kionjo kilikolea,
chungu maji yazidia,
nani mpishi, semeni?

Nirudishieni yetu,
ile ya baraza letu,
na papa, mama wa watu,
bado yuko bandarini."