Nanomita Tatu

Bohumír amepanda tena juu ya paa,
kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi,
maana mawingu ya Ostrava yamefunguka saa saba usiku
na zamu yake ya asubuhi itajijua yenyewe.

Mji huu haujui giza.
Taa za barabara, taa za kiwanda cha chuma,
anga rangi ya chai iliyolala.
Nyota nimezihesabu: tisa. Ya kumi ni ndege.

Yeye anaweka chujio mbele ya kamera,
kioo kidogo kama kizibo cha chupa
kinachoikataa nuru yote ya mji
isipokuwa uzi mmoja:
wekundu wa haidrojeni,
binamu wa ule anaoujua tanurini.
Dakika tano. Tena tano. Tena.
Kisha oksijeni.
Salfa, ikiwa ukungu haujaingia.

Nimempandishia supu ya kitunguu saumu.
"Na ile dhahabu, ile samawati, ni za kweli?"
Anasita. Mtu wa tanuri hadanganyi kirahisi.
"Nuru ni ya kweli. Rangi nimezigawa mimi,
zisije zikagombana."

Namwambia: miaka thelathini na moja
umenichuja mimi vivyo hivyo.
Katika maneno yangu yote
hupita moja tu: supu.

Anacheka, darubini inatikisika,
picha ya kumi na nne imeharibika.
Haifuti.
Ananionyesha: kila nyota imeota kimkia.
"Huyu hapa," anasema, "ni wewe."