Nanasi la Siku ya Tatu

Nimepuliza jiko la makaa hadi macho yakaiva,
nimepuliza uji wa watoto watano,
na jicho la Ndinda, siku vumbi la Jogoo Road lilipomwingia,
na mshumaa, stima iliporudi.
Sijawahi kupuliza nikaulizwa: hii ni ya nani?

Mutwiri ameandika jina langu kwenye mfuko.
Syombua wa Marikiti. Saa mbili na nusu. Hajala.
Mfuko wenyewe unang'aa kama karatasi ya biskuti.
"Vuta, mama. Shikilia. Sasa achilia taratibu,
ya mwanzo iende zake, hiyo ni hewa ya mdomo tu.
Mimi nataka pumzi ya mwisho."

Nikautoa mrija mdomoni.
Kijana, maneno mengine huna?
Akacheka, akajishika kichwa.
"Ya chini kabisa, mama. Iliyokaa na damu wakazungumza."

Basi nikapuliza.

Mimi nimeuza matunda miaka kumi na tisa.
Nipe nanasi gizani, nitakuambia lilikatwa lini,
lilisafiri chini au juu ya lori,
na kama dereva alikuwa na haraka.
Siku ya kwanza linanukia majani, ya pili sukari,
ya tatu linaanza kusema uongo:
utamu umezidi, na chini ya utamu kuna kitu
kama ile dawa mabinti hufutia rangi ya kucha.
Hilo simuuzii mtu kwa bei ya jana.

Na ndilo nililolibeba kinywani tangu Januari,
nisijue.

Akina mama wa chama walijua.
Waliniachia nafasi kubwa mno kwenye benchi.
Muthengi, mume wangu, akaanza kulala akitazama ukuta.
Usiku mmoja akauliza, sauti chini: "Unakunywa wapi?"
Mimi, ambaye hata divai ya kanisani hunikwaruza koo!
Nilikuwa nakunywa, ndiyo. Maji. Ndoo nzima.
Choo cha ploti kilijua hatua zangu kuliko mlinzi,
na nguo zangu zilianza kunikana.

Mashine ya Mutwiri haina pua.
Ni sanduku la kijivu, kama redio ya zamani,
linanguruma kidogo, linachora milima kwenye kioo.
Akanionyesha mmoja, mrefu kuliko wenzake.
"Asetoni," akasema.
Nanasi, nikasema. Siku ya tatu.
Akaniangalia. Akaandika na hilo, pembezoni.

Hakuniambia papo hapo kwamba nina kisukari.
Pumzi ni shahidi, alisema, si hakimu.
Akanitoboa kidole; damu ikaitwa,
ikasema yaleyale kwa lugha yake.

Sasa kila mwezi napanda zile ngazi.
Mlima umekuwa kilima, kilima kichuguu.
Kwenye foleni tunakaa na mapafu yetu:
mvulana wa Korogocho ambaye kifua chake hupiga mluzi,
mzee anayekohoa ndani ya leso,
dirisha limefunguliwa kwa ajili yake.

Juzi niliuliza: mkimaliza, mnaziweka wapi?
Mutwiri akafungua kizibo, akaubinya mfuko wangu dirishani.
Fsss. Ikatoka, ikaungana na moshi wa malori,
na mafuta ya mandazi ya ng'ambo,
na pumzi za wanaokimbilia zamu Viwandani.
Nikainama pale, nikanusa.
Sikusikia kitu.
Miaka kumi na tisa, na sijawahi kufurahia
tunda lisilo na harufu.

Muthengi bado hulala akitazama ukuta.
Amezoea, anasema.
Nami humpulizia kisogoni polepole,
ya mwanzo naiacha iende zake,
namwekea ile ya chini.
Jana aligeuka. Nusu.