Siku ya Zege

Nyumba yetu ya Bugarika ina mwamba ndani.
Si karibu, si nyuma: ndani. Umekatiza korido
kama ng'ombe aliyelala njiani akakataa kuamka,
na baba, ambaye hakuwa na pesa ya kuupasua,
alijenga kwa kuuzunguka, akaupaka chokaa,
akasema basi, huyu naye ni wa humu.

Ruta iko sebuleni, juu ya kabati la vikombe.
Sebuleni mtandao unakimbia. Jikoni unachechemea.
Kwa Mbula, anayesomea uuguzi,
unafika umeshakata roho.
Kwa mama, nyuma ya mwamba, ni bahati nasibu:
mdogo wake wa Nansio huganda mdomo wazi
katikati ya jina la mtu,
na mama, kwa jinsi mdomo ule ulivyokaa,
wiki ya tatu sasa anadhani kuna msiba.

Nimezunguka maduka ya Mtaa wa Rwagasore.
Huyu: nunua ruta moja kubwa, antena nane, nguvu ya simba.
Yule: kuna kidude cha elfu arobaini,
chomeka ukutani, sahau.
Nilichomeka. Kilirudia maneno nusunusu
kama mkalimani mwenye usingizi.
Kesho yake nikakirudisha na risiti yake.

Ndipo akaja Masalu, fundi, na boksi la vifaa vitatu,
vyeupe, vya duara, kama vibakuli vilivyofunikwa.
Laki nne na themanini.
"Hii inaitwa meshi. Mama, ni kama wavu.
Nyumba yote inakuwa wavu mmoja."
Mama ameuza dagaa Kirumba miaka ishirini.
"Wavu," akasema, "una matundu."

Masalu akajikuna, akaanza upya.
Cha kwanza kinapokea, kinakipa cha pili,
cha pili kinakipa cha tatu.
Visikae mbali mno, maneno yatamwagika.
Visikae karibu mno, umetupa hela.
Na kila kimoja lazima kimwone mwenzake.

Mama akaweka kisu chini, kitunguu nusu.
"Sasa hapo umesema. Hilo ni karai."

Kwa sababu siku ya zege gari halikupanda.
Lilimwaga kokoto barabarani likaondoka,
na watu thelathini na wawili wakajipanga mlimani,
karai likatoka mkono hadi mkono,
baba chini akifoka: sogea! hapana, rudi!
Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba,
wakamwambia akae, akakataa kukaa,
akasimama kwenye kona ya mwamba
maana ni pale tu unapomwona wa chini
na wa juu anakuona.

"Weka pale."

Masalu alishapanga kabatini, palipo na soketi.
Akapima kwa adabu, simu mkononi.
Kabatini: nane.
Kwenye kona: arobaini na moja.
Akapima tena. Arobaini na tatu.
Akaniomba waya wa kuongezea.

Cha tatu tukakizungusha jikoni, stoo, kwa Mbula,
hakikuongeza kitu. Nilikuwa napiga hesabu kimya,
laki moja na sitini ni karo ya miezi miwili,
na Masalu, ambaye angepata chake,
akakirudisha kwenye boksi mwenyewe:
"Viwili vinatosha, mama akijua pa kusimama."

Jioni ile uso wa Nansio ulifika mzima,
na meno yake yote, na kuku nyuma yake.
"Nani amekufa?" mama akauliza, hata salamu hakuna.
"Afe nani? Nilikwambia Nyanzobe kanunua pikipiki!"
Wakacheka mpaka mama akakohoa.

Kisha umeme ukakatika.
Kitaa cha kwenye kona kikazimika, cha sebuleni pia,
shangazi akapotea na kuku wake.
Nikangoja mama alalamike.
Gizani nikamsikia akipapasa chokaa ya mwamba,
akijitafutia njia ya jikoni.
"Hata siku ile," akasema, "saruji iliisha magharibi."