Sikio la Nne

Tiketi yangu namba mia moja na kumi na saba,
karatasi ya waridi, muhuri umekaa upande.
Peso mia mbili nimempa mwalimu Hortensia mlangoni,
hapa Puebla, kwenye mkahawa wa Doña Crisanta
nyuma ya karakana ya vigae.
Zinakwenda kununua vifaa vya masikio
kwa watoto viziwi wa darasa lake.
Vyema. Ila nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa:
mimi nimeletwa na tumbo.

Tangu Ofelia azikwe nakula wima,
samaki wa kopo, juu ya sinki.
Leo nimekaa.
Kiti kina mto. Glasi ina maji ya rosela,
mekundu, machachu, yanakunja shavu.

Supu ya tambi inatangulia.
Nyanya zake zilichomwa kabla ya kusagwa;
nasikia moshi mwishoni mwa ulimi
kama neno mtu alilotaka kusema, akanyamaza.
Kisha wali mwekundu, punje moja moja.
Fidencio, mstaafu wa reli, anaufunika kwa yai la kukaanga
na kutangaza kwamba wali bila yai ni msiba.
Maua ya maboga ndani ya tortila,
jibini inavutika uzi mrefu toka kinywani hadi sahani
na hakuna anayejua aukate wapi.

Halafu mole.
Mole haielezeki. Nitajaribu.
Pilipili kavu za aina tatu, ufuta, karanga, zabibu,
chokoleti, tortila iliyounguzwa makusudi,
siku mbili za Doña Crisanta na bega lake la kulia;
imemwagwa juu ya bata mzinga,
nyeusi kama koti la harusi la baba yangu.
Inaanza tamu, inageuka chungu, inakuja moto,
kisha inarudi tamu kana kwamba ilisahau mwavuli.
Nikalia kidogo. Pilipili, nikamwambia Fidencio.
Naye, muungwana, akajibu: ndiyo, leo kali.

Kati ya meza anapita Mireya, miaka sita,
kikapu cha tortila kakikumbatia.
Mireya husikia njaa. Husikia baridi, husikia uchungu wa jino,
husikia harufu ya mahindi toka ghorofani.
Kisichomfikia ni sauti tu.
Namwambia asante; anaitazama midomo yangu,
anacheka, anaonyesha kwa kidole:
futa.

Wahenga na sikio lao la kufa lisilosikia dawa!
Hawakuuliza dawa bei gani.

Pudini ya mayai bado inatetemeka sahanini
Hortensia anapohesabu noti kaunta, akilamba kidole.
Anahesabu tena.
Vifaa vitatu, anasema. Na nusu ya cha nne.

Ukumbi ukatulia.
Nusu ya kifaa haisikii chochote.
Na sisi wote tumeshiba, mikanda imelegezwa.
Fidencio akanyoosha mkono: Nileteeni supu.
Supu ipi?
Ile ya kwanza. Tuanze upya.

Tungeweza kutoa noti tukaenda zetu.
Labda tulifikiri hivyo, tukaona haya.
Mama wa duka la vifungo akaagiza mole ya pili,
mafundi vigae wakaagiza pudini sita,
mimi nikaagiza wali. Na yai.
Nikala kama mtu anayepanda ngazi na gunia,
hatua, pumzi, hatua.
Saa kumi na moja jioni Hortensia akagonga kaunta:
zimepungua peso arobaini!
Kahawa, nikasema. Ya chungu, yenye mdalasini.
Sipendi mdalasini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bado nimeshiba.
Nikavuta kiti jikoni, nikakaa hivyo tu,
nikalisikia friji linavyonguruma,
kelele ambayo Ofelia aliilalamikia miaka tisa
nami nikimwambia
sisikii kitu.