Mayai ya Kerttu

Huko Kemi, mwezi wa kumi na mbili,
jua huchungulia saa tano asubuhi
kama mgeni aliyekosea nyumba,
na kabla ya saa nane limeshaaga.
Saija haoni tofauti.
Mapazia ameyabana kwa vibanio vya nguo
tangu wiki ile kichwa kilipoanza kumnong'oneza
kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kwa mtu mwingine,
yeyote,
hata kwa yule dereva wa gari la kuzoa theluji.

Chupa hukaa ndani ya mashine ya kufulia,
zimevishwa soksi zisigongane.
Vidonge vimo kwenye kopo la iliki,
kopo la marehemu mama yake
aliyeoka mikate mitamu kila Jumamosi,
na ambaye pia, sasa anakumbuka,
alikuwa akilala sana mchana.

Mficha uchi hazai, twasema sisi.
Saija amezaa, na bado anaficha.

Si kwamba hakujaribu.
Mwezi wa nane alikwenda. Alichana nywele,
akapaka rangi ya mdomo asionekane mgonjwa,
kisha akaogopa wasingemwamini kuwa ni mgonjwa,
akaifuta kwa kiganja.
Mlango wa akili ukamwambia:
acha pombe kwanza, miezi mitatu, halafu rudi.
Mlango wa pombe ukamwambia:
hizo sauti zitibiwe kwanza.
Wote walikuwa wapole. Wote walimpa karatasi.
Danadana, ila danadana ya watu wenye adabu.

Na ile fomu ya kliniki ya watoto:
Kwa wiki, hunywa glasi ngapi?
Akaandika mbili.
Mkono haukutetemeka;
alikuwa amekunywa ili usitetemeke.

Maana kila mama pale mtaani anaijua
habari ya Pirjo wa ghorofa ya tatu:
alisema ukweli Jumatatu,
Alhamisi kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.
Labda sivyo ilivyokuwa.
Labda ilichukua miaka miwili na vikao kumi na vinne.
Lakini hofu haina subira ya kuhesabu vikao.

Kisha asubuhi moja, harufu.
Siagi inaungua.
Kerttu juu ya kiti, miaka mitano,
soksi mguu mmoja, mwiko mkononi.
Mayai mawili: moja sahani yake, moja sahani ya mama,
na chumvi ya kutosha ukoo mzima.
"Nimekuachia lile ambalo halikupasuka," akasema.
Wala haikuwa mara ya kwanza. Mtoto alijua
kitufe kipi cha jiko hukwama,
na kwamba hubonyezwa mara mbili.

Saija alikula. Lote.
Akaingia bafuni, akakaa ukingoni mwa beseni,
akapiga simu
na sentensi aliyoikariri tangu mwezi wa nane:
jina langu ni fulani, nina tatizo la.
Mtu akapokea. Sentensi ikamtoroka.

"Mwanangu anajua kukaanga mayai," akasema.

Kimya. Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.
"Ana umri gani?"
"Mitano."
"Na wewe, umekula leo?"

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu yoyote.
Alilia hadi taulo likawa zito,
na yule mtu hakukata simu,
wala hakusema nyamaza.
"Njooni kesho saa tatu. Wote wawili.
Mlango uko nyuma, karibu na mapipa ya taka.
Kengele mbovu. Gonga."

Sitasema amepona.
Usiku ule mashine ya kufulia
ilifunguliwa mara moja, ikafungwa,
ikafunguliwa.
Lakini asubuhi, bado giza,
jirani mwenye mbwa aliwaona barabarani:
Kerttu amekaa juu ya kitelezi cha mbao,
Saija anavuta kamba kwa mkono wa kushoto,
na wa kulia, ngumi ndani ya glavu,
unapigapiga hewa polepole,
unajifunza kugonga.