Visima Sabini na Viwili

Nambari niliikuta imevaa suti.
Ukurasa wa tisa, ripoti yenye jalada la kumeta,
kando ya picha ya mtoto anayekunywa maji huku akicheka:
"Visima sabini na viwili, vyote vyatoa maji."
Nikainakili kwa wino wa buluu. Nikalala.

Daktari Ocokoru aliizungushia duara.
Hakuandika kwamba ni kosa. Aliandika: "Nani alihesabu?"

Basi nikairudi njia.
Ripoti ilimtaja mtafiti wa Kampala,
mtafiti akaitaja tasnifu,
tasnifu ikaitaja ripoti ileile, toleo la awali,
kama ndugu watatu mahakamani,
kila mmoja akiapa kwa jina la mwenzake.
Simu nayo, nilipoiuliza,
ilijibu bila hata kukohoa: sabini na viwili.
Kwenye kundi la darasa Drijaru akaandika,
"Lisemwalo lipo, wewe. Kesho tunakusanya kazi."

Lisemwalo lipo.
Lipo wapi?

Ofisi ya maji ya wilaya, hapa Arua,
ina chumba cha nyuma chenye harufu ya panya.
Karani alinipa faili na kitambaa cha kupangusia vumbi
akarudi kwenye redio yake.
Mwaka 1998, herufi za taipu,
kila "o" imetoboa karatasi,
na chini kabisa, pale mchwa walipoishia kula:
"Parokia mbili sikufika. Mto umejaa,
mnyororo wa baiskeli umekatika.
Nimekadiria kumi na saba. Atakayekuja ahesabu.
Andama, J."

Nilisoma tena. Karani akaongeza sauti ya redio.

Njia ya mwongo ni fupi, tumefundishwa.
Hii ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na sita
na sikukutana na mwongo hata mmoja.
Ila kila mpitaji aliacha mzigo kidogo njiani:
wa kwanza mnyororo,
wa pili mto,
wa tatu lile neno "nimekadiria", zito kuliko yote,
hadi nambari ikabaki peke yake,
nyepesi, imeoga, ikakaribishwa mikutanoni.
Katika kurasa zote hizo mtu mmoja tu alisema: sikufika.
Huyo ndiye niliyemwamini.

Jumamosi nikaazima baiskeli ya binamu yangu Feta,
na mnyororo wa akiba, kwa heshima ya marehemu,
kama ni marehemu; hilo nalo sijalihakikisha.
Vile kumi na saba vya Andama nilivikuta kumi,
sita tu vikitoa maji.
Kwenye cha tano mama mmoja alisema, "Kinafanya kazi vizuri,"
na ndoo yake imejaa maji yenye majani ya mtoni.
Nilipokuwa napanda baiskeli akaninong'oneza:
kamati ikisikia kimekufa, itatuchangisha tena.
Nikaandika yote, alilosema, alilonong'ona, na ndoo.

Kazi niliikabidhi siku nne baada ya muda.
Nilikatwa alama kumi.
Drijaru alinipita, na sabini na viwili vyake.
Sina uchungu. Kidogo tu, jioni,
nikipita penye ubao wa matokeo.

Lakini chini ya ukurasa wangu wa mwisho,
kwa herufi ndogo ambazo atakayenakili hatazisoma,
nimeandika:
"Kisima kimoja, ng'ambo ya shule ya Anzuvu, sikukifikia.
Mbwa watatu, na giza lilikuwa linaingia.
Sikukadiria. Atakayekuja ahesabu."